Mapazia ya Nyumba ya Viwanja Sitini

Mapazia ya nyumba ya Viwanja Sitini aliyachagua mama yangu, akayashona na kuyatundika kwa mikono yake. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Ifakara waliyasifia mapazia yale, na waliposifia walimtaja mwanamke mwingine.

Wakati huo, miaka ya tisini, mimi na mama tuliishi Katindiuka, pembeni ya mji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na hayakuwa ya kwenda popote, kwa hiyo nilikuwa msichana mzima wa kulima na kupika. Mama alilima mpunga, na mvua ikizidi au mavuno yakiisha alikaa kwenye cherehani yake ya mkono akishona sare za shule na magauni ya kwaya. Baba alikuwa dereva wa lori kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu. Alikuja nyumbani mwisho wa juma, siku nyingine hakuja, na hakuna aliyemuuliza. Hakuwa mtu wa hapa bondeni. Alikuja kutafuta kazi, akamkuta mama, wakafunga ndoa kanisani. Mbele ya wageni alimwita mama "mkulima wangu" huku akicheka, na mama naye alicheka, kwa sababu mtu hujizoesha.

Nyumba ya mjini, hiyo ya Viwanja Sitini, ilijengwa polepole. Gunia la mpunga la mama likiuzwa, tofali zinapanda. Wakati wa kiangazi yeye na mimi tulichota maji ya kumwagilia tofali hizo, baba akiwa kazini. Ilipoezekwa na kupigwa lipu alitupeleka kuiona. Vyumba vilikuwa vizuri, ila sebule ilikuwa na kasoro. Fundi alikuwa ameishusha lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, yakakaa chini na kuwa madogo, na ukuta mrefu mtupu ukabaki juu yake hadi darini. Baba alisimama katikati akatukana.

"Hili ni ghala la mpunga," alisema. "Mtu nimejenga nyumba, nimepata ghala."

Mama alizunguka akitazama kuta. Kuna mwaka aliwashonea masista mashuka ya nyumba yao ya wageni, na kule aliona kitu ambacho hakukisahau.

"Si lazima kubomoa," alisema. "Tundika mapazia marefu. Yaanzie juu kabisa, karibu na dari, yashuke mpaka sakafuni. Na yapite dirisha pande zote mbili. Mtu akiingia hataona dirisha dogo. Ataona pazia, na atadhani nyuma yake dirisha lote liko hivyo."

Baba alimtazama kama mtu aliyemsikia akizungumza lugha ngeni. Kisha akasema, "Basi tengeneza. Nataka mtu akiingia humu asimame kwanza mlangoni."

"Mtu gani?"

"Mgeni. Mgeni yeyote."

Wiki ile mama alikuwa kama msichana. Katindiuka nzima ilijua kwamba tunahamia mjini. Aliwaahidi majirani kwamba atawakaribisha chai, na wao walimtania, "Utatusahau wewe, utakuwa mama wa kwenye sofa." Alikwisha kuamua cherehani itakaa wapi, chini ya dirisha la mashariki ili apate mwanga wa asubuhi. Nyumba yetu ya Katindiuka aliahidi kumwachia mdogo wake aliyekuwa anapanga chumba. Mdogo wake akaja kabisa kupima sehemu ya kuweka kitanda.

Tulikwenda kununua kitambaa sote watatu, na hilo lenyewe lilikuwa ajabu, maana baba hakuwahi kuingia duka la nguo na mama. Mama alikitaka kitambaa cha kijani hafifu, kama mpunga uliotoka kitaluni. Alikikunja kiganjani, akakibana, akakiachia aone kama kina makunyanzi. Akakipeleka mlangoni akakiinua kwenye mwanga.

"Rangi hii itafanya chumba kipoe," alisema.

"Kijani tena?" Baba alisema kwa sauti, na mwenye duka akasikia. "Hujachoka na shamba? Unataka kulihamishia sebuleni? Hiyo rangi ni ya kishamba kama wewe mwenyewe. Chukua damu ya mzee."

Nilimtazama baba. Huyu ni mtu ambaye alivaa shati lolote aliloshikishwa, na soksi zake zilikuwa haziafikiani. Sasa anasema damu ya mzee, tena anaeleza, si ile nyekundu nyekundu, ni ile iliyokolea, yenye kung'aa kidogo. Mama hakushangaa, au kama alishangaa alifurahi. Alidhani mumewe hatimaye ameanza kuijali nyumba.

Kilicholetwa kilikuwa na maua makubwa ya dhahabu. Hapo mama alikataa. Alimweleza kwa upole kwamba maua makubwa yatakifanya chumba kionekane kifupi, na kwamba michirizi myembamba ya kusimama ndiyo inayovuta jicho kwenda juu. Wakavutana. Mwishowe kikapatikana cha damu ya mzee chenye michirizi, na baba akakubali, baada ya kukishika na kukitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alichoagizwa.

Sijapata kumwona mama akishona vile. Alichukua upana mara mbili ya dirisha, ili pazia hata likifungwa libaki na marinda. Hakutaka ile springi ya waya ambayo kila nyumba ilikuwa nayo, alisema kwa pazia zito la urefu ule italegea katikati kama kamba ya nguo. Akamtuma fundi wa kuchomelea atengeneze bomba lenye vishikizo, na pete za kuteleza. Alikwenda kivukoni kwa wavuvi akaomba vile vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Hivyo angevishonea ndani ya pindo, pazia linyooke lisipeperushwe.

Alipanda kwenye meza, mimi nikashikilia miguu ya meza. Alipima na kupima. Bomba lilikaa inchi chache tu chini ya dari. Tulipoyapandisha mapazia na kuyaachia, chumba kilibadilika mbele ya macho yetu. Ule ukuta mtupu haukuwapo tena. Dari ilikuwa kama imepandishwa. Mama alishuka mezani, akarudi mpaka mlangoni, akasimama.

"Nimesimama," aliniambia akicheka. "Mwambie baba yako hata mimi nimesimama."

Pindo la chini hakulishona siku ile. Alisema kitambaa kizito huvutika kikining'inia, ukikiwahi kitakuja kuburuza sakafu. Aliyaacha yaning'inie siku kadhaa, kisha Jumamosi tukarudi kwa baiskeli kumalizia. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, sindano mkononi, vile vipande vya risasi kwenye kisahani pembeni. Upande wa kwanza ulikwisha. Alikuwa amefika katikati ya upande wa pili tuliposikia gari.

Ilikuwa pikapu. Nilichungulia nikaona kitanda, kabati la vyombo, magodoro, na baba ameshuka anafungua mlango wa abiria. Akashuka mwanamke. Nilimjua kwa sura. Alikuwa na duka la vinywaji Mkula, pale barabarani ambapo magari ya Kidatu husimama. Alikuwa amenizidi miaka kidogo tu. Alivaa kitenge cha damu ya mzee.

Aliingia akasimama mlangoni. Akayatazama mapazia kutoka juu mpaka chini, polepole, na uso wake ukafunguka.

"Jamani," alisema. "Ni kama nilivyokwambia. Ni vilevile kabisa." Kisha akamwona mama pale chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alijibu. Alikuwa bado hajaelewa. Alidhani ni mgeni.

Yule mwanamke akamgeukia baba. "Ndiye fundi?"

Baba alikuwa ameshika ufunguo wa gari. Akauzungusha kwenye kidole.

"Eeh," alisema. "Ndiye fundi."

Nilimwona mama akisikia. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kitambaa na haijatoka upande wa pili, na mkono wake ukabaki hapohapo. Mimi ndiye niliyesema.

"Huyu si fundi. Huyu ni mke wake wa ndoa. Mimi ni mtoto wao."

"Wewe nyamaza," baba alisema. "Wakubwa wakiwapo, wewe unanyamaza."

Nilitegemea yule mwanamke ashtuke, aone haya, atoke. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama baba. Alijua kwamba kuna mke shamba, hilo lilionekana wazi. Alichokuwa hajui ni sura yake. Baada ya kututazama aligeukia tena pazia, akaliinamia, akashika ule upande uliokuwa haujapindwa.

"Sasa si amalizie tu?" alisema. "Kamebaki kasehemu kadogo."

Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno. Nilidhani atapasua kitambaa kile vipande vipande, na nilikuwa tayari kumsaidia. Lakini alikusanya mkasi, utepe wa kupimia na bobini, akavitia kwenye kikapu. Akanishika bega, akainuka. Baba alisogea kumpisha, kama unavyompisha mtu yeyote mlangoni.

"Utakuja kumalizia lini?" baba aliuliza.

Tuliondoka. Njiani tulikokota baiskeli, hakuna aliyeweza kuipanda. Tulipofika Katindiuka mdogo wake mama alikuwa amekwisha kuleta meza yake na viti viwili, viko barazani, na watoto wake wanacheza. Mama akalazimika kusimama uani mwake mwenyewe akaeleza kwa nini hahami. Majirani walisikia. Wengine walimlilia, lakini wapo waliocheka kabla hawajafika mbali, nami niliwasikia: "Mama wa kwenye sofa."

Mama alipeleka kesi kwa wazee wa jumuiya ya kanisa. Baba alikataa kuja Katindiuka, akasema anayetaka kuzungumza naye aje kwake, na wazee wakakubali. Hivyo shauri la mama lilisikilizwa katika sebule ileile. Tulipoingia niliona ule upande wa pili wa pazia umepindwa na mtu mwingine, kwa uzi mweusi, na umepanda juu kuliko mwenzake. Mama aliuona mara moja. Akakaa akaupa mgongo.

Wazee waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja alisimama kwanza mlangoni. Mmoja akasema, "Nyumba imependeza hii." Yule mwanamke aliwaletea soda, akapiga magoti kidogo kila alipompa mtu chupa. Mama naye alipewa. Chupa yake ilikaa mezani haikuguswa.

Baba hakukana chochote. Alisema mke wake wa ndoa hajamwacha, nyumba yake iko Katindiuka, shamba liko, na hakuna siku aliyolala njaa. Huyu wa hapa ni mwanamke wa mjini anayejua mambo ya mjini. Wazee wakamwambia hilo ni kosa mbele ya Mungu, naye akasema anajua. Wakamwambia asikaribie komunyo, naye akasema sawa. Baada ya hapo hawakuwa na fimbo nyingine. Wakamgeukia mama.

"Mama, tunakusihi uvumilie. Mwanamume akichoka hurudi. Wewe umeona kuna lipi la kumwomba, ili tuondoke kwa amani?"

Nilitaka aseme nyumba. Mpunga wake ulikuwa ndani ya kuta zile, na kila mzee pale alijua. Mama aligeuka akautazama ule upande uliopindwa kwa uzi mweusi.

"Nataka mapazia yangu," alisema.

Walitazamana. Mmoja alicheka, halafu wote, si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliokuwa wanaogopa kuombwa kitu kikubwa wakaombwa kidogo. Baba alicheka kuliko wote.

"Utayatundika wapi?" alimuuliza. "Haya yamekatwa kwa kipimo cha ukuta huu. Kule kwako paa unaligusa kwa mkono. Utayafanya nini, uyaanike?"

"Kweli, mama," mzee yule aliyesifia nyumba akasema kwa huruma. "Kitu kimekwisha kukatwa kwa ajili ya mahali pake. Ukikitoa kitaharibika bure, na wewe hutafaidi. Acha yabaki."

Ikaamuliwa hivyo. Tukasali, baba akasimama na kuinamisha kichwa pamoja na wengine. Mama alisema amina. Tulipotoka yule mwanamke alikuwa anakusanya chupa, na ile ya mama akaimimina kwenye glasi yake.

Nyumba ile ikawa gumzo. Wanawake wa mjini walikwenda kwa kisingizio cha kusalimia, wakatoka wanauliza ni nani aliyeshona. Yule mwanamke hakuficha. Alisema, "Kuna mama mmoja Katindiuka." Wakaanza kuja kwetu. Walikuja kwa baiskeli, na mara moja moja kwa gari, wakasema wanataka kama yale ya Viwanja Sitini, kama yale ya kwa mke wa dereva. Walitamka hivyo mbele ya mama, wengine kwa kutojua, wengine wakijua vizuri na wakitaka kuona atafanya uso gani. Mama hakufanya uso wowote. Alichukua vipimo. Alishona mapazia ya nyumba ya mwalimu mkuu, ya nyumba ya wageni, ya mwenye mashine ya kukoboa. Tulinunua cherehani ya miguu. Mdogo wake hakumsamehe kwa ile nyumba aliyoahidiwa, hakutusalimu tena.

Nilimngoja mama alie, na nikamngoja akasirike. Alikonda tu. Usiku na mchana alikuwa mtu wa maneno machache, na akiniona nimekaa bila kazi alinitukana kwa maneno ya baba: "Mkulima wewe." Nilimwambia asiniite hivyo. Akasema, "Kwani ni uongo?"

Msimu mmoja wa mavuno ulipita, na mwingine ukakaribia. Asubuhi moja tulisikia hodi. Alikuwa yule mwanamke. Alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini, na kitenge kimefungwa juu kwa sababu ya mimba. Nilisimama kwenye upenyo wa mlango nisimpishe. Mama akasema kutoka ndani, "Mwache apite. Ni mteja."

Alikaa kwenye mkeka. Akamwamkia mama, akamwita dada. Alisema anataka mapazia ya chumbani, marefu kama yale ya sebuleni. Mama akauliza dirisha liko upande gani. Mashariki, alisema. Akauliza kitambaa amechagua kipi. Hapo yule mwanamke akashika tumbo, na machozi yakaanza kumtoka. Alisema kitambaa hajanunua. Alisema baba haji siku hizi, wiki tatu au nne zinapita. Yuko Kidatu na msichana wa kwenye kantini. Akija anataka maji ya kuoga na kuondoka. Alikuwa amefikiri kwamba chumba kikipendeza, labda atakaa.

"Dada, wewe unamjua kuliko mimi," alisema. "Nifanyeje?"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Nilimjua mama yangu kuwa mtu ambaye mgonjwa akiletwa kwa jirani yeye ndiye wa kwanza kupeleka uji. Nikangoja amshike mkono yule binti, maana alikuwa binti, angeweza kuwa dada yangu. Mama alimtazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akitazama kitambaa kabla ya kupitisha mkasi.

"Chagua kizito," alisema. "Kizito kabisa, na bitana ndani. Upande wa mashariki jua linaingia mapema, na mtu aliyelala peke yake linamwamsha vibaya."

Yule mwanamke alijipangusa uso. "Basi?" aliuliza. "Basi, dada?"

"Na ukipanda kuyatundika, tafuta mtu wa kukushikia meza. Hali yako hiyo ukianguka hakuna atakayekuokota."

Alimpa kipimo cha kitambaa kwa kukitaja mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Yule mwanamke alikaa kidogo akingoja kitu kingine, chai labda, au maji. Katindiuka hakuna mtu anayeondoka nyumbani kwa mtu bila kupewa maji. Nami sikumpa. Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akasema asante, akatoka. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Mama alingoja mpaka hatua zake ziishe. Kisha akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, kichwa ameegemeza kwenye cherehani, mpaka nikaingiwa na hofu na kumwita. Alipoinua uso macho yalikuwa makavu. Aliniambia niandae chakula, na siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alikula akashiba.

Kitambaa hakikuletwa. Tulisikia yule mwanamke amejifungua kwao Mkula, mtoto wa kike, na baba akapangisha nyumba kwa watu wengine, wafanyakazi waliohamishiwa Ifakara. Wapangaji wale waliyashusha mapazia siku waliyoingia kwa sababu yalikuwa yanazuia upepo, na joto la Ifakara halina mchezo. Waliyatumia kufunikia mpunga wao uani. Niliyaona nilipopita kwenda sokoni, yametandazwa juani, yamepauka, kuku wanatembea juu yake.

Nilirudi nikamweleza mama. Alikuwa anapima suruali ya mtu. Aliniuliza kama limao nililonunua limeiva, nikamwambia ndiyo, akasema nilikate niweke kwenye samaki.